Friji ya gari imetuzimia gari Mikumi: nianze na betri ya pili au na waya?

SWALI: "Nina Toyota Prado ya dizeli ya mwaka 2004, ninaishi Dar. Nilinunua friji ya gari ya kompresa, lita 50, na fundi akanivutia waya kutoka kwenye betri hadi nyuma akaniwekea soketi ya sigara. Mwanzoni friji ilikuwa inajizima hata betri ikiwa nzima. Nikaambiwa niitoe kwenye H niiweke L, ikatulia. Mwezi uliopita tulilala Mikumi na familia. Usiku wa kwanza, saa kumi alfajiri, friji ikajizima, na asubuhi gari halikuwaka mpaka jirani wa kambini alipotubusti. Fundi sasa anasema nifunge betri ya pili ya N70, niziunganishe chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Shemeji yangu anasema nichukue lithiamu na inveta ya wati 2000 ili hata birika la chai tuchemshe. Nataka pia sola juu ya keria na taa ndefu ya LED mbele. Mita naijua, spana nashika. Nifanye mwenyewe? Nianzie wapi?"

JIBU: Ndugu yangu, kabla hujatoa pochi, toa mita. Umeuliza mambo matano, lakini kilichowaangusha Mikumi ni hitilafu mbili zilizokuwa zinafunikana. Waya mwembamba uliifanya friji ione betri imechoka wakati betri bado ina nguvu. H na L ni viwango vya volti ambavyo friji hujizima ili kulinda betri: cha juu na cha chini. Ulipoihamisha kutoka H kwenda L, waya ulibaki vilevile, ila mlinzi ulimwondoa. Tangu hapo friji ilikuwa na ruhusa ya kunyonya betri hadi chini kabisa, na usiku ule ikafanya hivyo. Betri ya pili utaihitaji, lakini ukiifunga juu ya waya uleule utarudi kuniandikia.

Tuanze na waya. Friji ya ukubwa huo hula ampea 4 hadi 5 kompresa inapozunguka. Fundi wako aliona ni mzigo mdogo, akavuta waya wa milimita za mraba 1.5 (nakisia, kwa sababu ndivyo wengi wanavyofanya), na kweli waya huo hautaungua. Ila kutoungua ni jambo moja, kufikisha volti ni jingine. Shaba ina ukinzani wa takriban ohmu 0.0175 kwa kila mita ya waya wenye unene wa milimita moja ya mraba. Kutoka betri ya mbele hadi kwenye buti, ukifuata kona za bodi, ni kama mita 6. Umeme huenda na hurudi, kwa hiyo hesabu mita 12. Kwa waya wa 1.5 unapata ohmu 0.14. Zidisha kwa ampea 4.5: volti 0.63 zimebaki njiani. Hapo bado soketi ya sigara, inayoshikilia plagi kwa springi peke yake. Ukiingia barabara ya vumbi mguso unalegea na volti nyingine zinaondoka. Waya wa 6 kwa safari ileile hupoteza volti 0.16 tu.

Usichukue hesabu yangu kama ilivyo, pima. Weka friji kwenye baridi kali ili kompresa izunguke. Mita iwe kwenye volti za DC. Ncha moja iguse nguzo ya chanya ya betri, risasi yenyewe na si kibano chake. Ncha ya pili iguse chanya pale friji inapochomekwa. Utahitaji kurefusha kwa kipande cha waya, na hata kiwe chembamba haidhuru, kwa kuwa mita haivuti mkondo wa maana. Namba utakayoiona ndiyo volti zinazopotea upande wa chanya. Rudia upande wa hasi. Jumla ikizidi volti 0.3, waya huo ung'oe. Upande wa hasi ukiwa ndio mbaya zaidi, tatizo huwa ni boliti ya ethi (inayounga hasi na bodi ya gari) iliyofungwa juu ya rangi au kutu, na wakazi wa Kigamboni na Mbezi Beach, hewa yao ya chumvi wanaijua.

Sasa hizo H na L. Betri ya risasi na asidi iliyotulia, bila mzigo na bila chaji, husoma karibu volti 12.7 ikiwa imejaa, 12.2 ikiwa nusu, na ikifika 11.9 imekaribia kuisha. Namba za friji hutofautiana kwa kampuni, lakini kwa kawaida H hukata karibu na volti 11 na L karibu na 10. Unaona mwenyewe kwamba hata H ni ya dharura. Na ndiyo sababu mwanzoni friji ilijizima kabla ya wakati: kompresa inapotaka kuanza huvuta mkondo mkubwa kwa muda mfupi, volti zinaanguka kwenye waya mwembamba, friji inaandika alama ya hitilafu, E1 au F1, na kukata, volti zinapanda, inajaribu tena. Mtu anayesikiliza mlio huo usiku hudhani friji ni mbovu.

Kuna jambo jingine kuhusu betri yako ya kuwashia gari. Ndani ina bamba nyembamba nyingi, zilizotengenezwa kutoa ampea mia kadhaa kwa sekunde chache kisha zijazwe tena na alternata. Hazikuumbwa kunyonywa polepole usiku kucha. Kila unapoimaliza kabisa, sehemu ya bamba hugeuka kuwa salfeti ngumu isiyorudi. Hiyo iliyokwisha Mikumi ipeleke ikapimwe kwa mzigo kabla hujajenga chochote juu yake.

Ushauri wa fundi wa kuunganisha hiyo betri ya pili (N70 ni saizi yake) moja kwa moja si wa kipumbavu, na magari mengi yanatembea hivyo. Lakini angalia kinachotokea. Ni sawa na matangi mawili ya maji yaliyounganishwa kwa bomba la chini: yakiisha, yanaisha yote. Utaongeza saa za friji, na asubuhi ya pili badala ya ya kwanza utakuwa unatafuta tena jirani mwenye nyaya za kubusti. Tena betri mpya ikifungwa sambamba na ya zamani, ya zamani huivuta mpya chini muda wote gari limepaki. Unachotaka ni betri mbili zinazokutana injini ikiwaka na kuachana injini ikizimwa.

Tahadhari kwa wengine watakaosoma hapa: ukifungua boneti ukakuta betri mbili, usishangilie. Baadhi ya Land Cruiser za dizeli zilizotoka Japani zina mfumo wa volti 24, betri mbili zimeungwa mfululizo, au zinawasha kwa 24 na mengine yote ni 12. Weka mita kwenye chanya ya moja na hasi ya nyingine, kisha kinyume chake, kabla ya kugusa chochote. Ukiona 24 au zaidi, au gari lako likiwa la ile aina inayowasha kwa 24 (hiyo inaweza kusoma 12 tu ikiwa imezimwa), maelezo ya hapa chini hayakuhusu; tafuta fundi anayeujua mfumo huo.

Njia ya bei nafuu ya kuzitenganisha ni rilei ya volti, yaani swichi inayojiendesha yenyewe kwa kuangalia volti; dukani huitwa VSR. Huunganisha betri mbili ikiona volti zimepanda hadi karibu 13.3, yaani alternata inachaji, na huzitenganisha zikishuka hadi karibu 12.8. Haihitaji kuchokonoa mfumo wa gari, na kwa Prado ya umri wa yako, ambayo alternata yake hutoa volti za kudumu, inafanya kazi. Pima: injini ikizunguka, betri inapaswa kusoma 13.8 hadi 14.4. Udhaifu wa VSR ni kwamba inapitisha kile ilichopewa, haiongezi. Injini ikichemka kwenye foleni ya Kimara, alternata hupunguza volti. Kebo ndefu inakula nyingine. Betri ya buti inapata 13.4 na haijai hata ukiendesha mpaka Iringa. Betri ya AGM (ya risasi iliyozibwa, isiyoongezwa maji) inayobaki robo tupu kila siku hufa mapema.

Njia ya pili ni chaja ya DC-DC. Hiyo huchukua volti zozote zinazofika na kuzipandisha hadi zile betri inazotaka, kwa mfano 14.4, kisha hupunguza betri ikijaa. Ya ampea 25 inakutosha. Kutoka Dar hadi Mikumi ni karibu kilomita 300, saa tano au sita kwa mwendo wa Barabara ya Morogoro. Saa nne tu za injini kuzunguka zinakupa ampea-saa 100. Kwa lithiamu chaja hii ni lazima. Lithiamu ina ukinzani mdogo sana wa ndani. Ukiiunga moja kwa moja kwenye alternata itavuta yote iliyonayo, na alternata inayotoa nguvu zake zote huku injini ikizunguka polepole gari limesimama, bila upepo wa kutosha, hupika koili zake. Tena bodi ya ulinzi iliyo ndani ya betri, ile wanayoiita BMS, ikiamua kukata ghafla wakati mkondo mkubwa unapita, volti huruka juu na kuua dayodi za alternata.

Njia ya tatu ni boksi lililokamilika, lenye betri, chaja na inveta (kigeuzi cha umeme wa betri kuwa wa ukutani) ndani, unaloliweka kwenye buti na kuondoka. Kwa anayekambi mara mbili kwa mwaka sioni aibu ndani yake, na mwenye gari la kukodi hana njia nyingine. Kasoro yake ni kwamba kupitia soketi ya sigara mengi huchaji kwa wati 100 hivi. Safari nzima ya Mikumi inakujazia nusu kilowati-saa, ambayo friji yako inaimaliza ndani ya siku moja.

Kwako wewe, mwenye gari lako na unayejua mita, ningechagua betri ya LiFePO4 (aina ya lithiamu) ya ampea-saa 100 kwenye buti pamoja na chaja ya DC-DC ya ampea 25. Hesabu ni hii. Friji kwa joto la Pwani kompresa huzunguka kama asilimia 40 ya muda: ampea 4.5 mara saa 24 mara 0.4, ni ampea-saa 43 kwa siku. Ukiigeuza kuwa ya kugandisha nyama, au watoto wakiifungua kila dakika kumi, hesabu hiyo inapanda sana. Taa mbili za LED jioni, 4. Simu nne, 6. Feni ndogo ya hemani usiku kucha, 8. Jumla kama 60. LiFePO4 ya 100 unaitumia hadi 90 bila kuiumiza, yaani siku moja na nusu bila kuwasha injini. AGM ya 100 unapaswa kuishia 50, na ina kilo karibu 30 dhidi ya 11 au 12 za lithiamu. Ndiyo, lithiamu ni ghali zaidi. Lakini ampea-saa unazoweza kuzitumia ndizo za kulinganisha bei, si zile zilizoandikwa kwenye lebo.

Na lebo zinadanganya. Betri ya "100" yenye kilo 7 ina seli pungufu, hakuna njia nyingine. Ukiinunua, kabla ya kuifunga, ichaji ijae, kisha iunganishe na balbu ya taa ya mbele ya H4, upande wa wati 60, uiache iwake mahali salama pasipo kitu cha kuungua karibu, maana balbu hiyo ni ya moto kweli. Betri nzima ya 100 inapaswa kuiwasha kwa saa 18 hadi 20. Ikizima baada ya saa 11 tu umepata jibu lako, na risiti bado unayo.

Kufunga, basi. Hii ni kazi ya Jumamosi mbili, na unaiweza. Volti 12 hazitakupiga shoti ya kukuua, zitakuchomea gari. Betri ikigusanishwa chanya na bodi inaweza kumwaga zaidi ya ampea elfu moja, na waya unakuwa kaa la moto kabla hujafikia boneti. Kwa hiyo vua saa na pete. Fungua hasi kwanza na irudishe mwisho, kwa sababu spana ikigusa bodi wakati unafungua hasi hakuna kinachotokea, lakini ikigusa bodi wakati unafungua chanya huku hasi ipo, umelehemu spana.

Kebo kuu kutoka betri ya mbele hadi chaja iliyo kwenye buti iwe ya milimita za mraba 16, ya nyuzi nyingi laini. Usitumie waya wa nyumba wenye uzi mmoja mgumu; mtikisiko huukata ndani ya ganda na nje huoni kitu. Kariakoo utauziwa pia kebo nene ya bei nzuri ambayo ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Omba wakate ncha mbele yako, kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, irudishe. Alumini hupitisha umeme kwa takriban theluthi mbili tu ya shaba, na kwenye hewa ya bahari huoza pale inapokutana na lagi, yaani kile kichwa cha chuma kinachobanwa kwenye ncha ya kebo.

Fyuzi ya ampea 60 ikae ndani ya sentimita 20 kutoka betri ya mbele, na nyingine ya 60 ndani ya sentimita 20 kutoka betri ya nyuma. Watu husahau ya pili. Kipande cha kebo kati ya chaja na betri ya nyuma kina chanzo chake cha moto. Kikichubuka, fyuzi ya mbele haitasaidia, na betri ya nyuma itaendelea kuulisha moto. Fyuzi inalinda waya: waya mwembamba, fyuzi ndogo. Wa 2.5 usizidi ampea 20, wa 6 usizidi 30. Fyuzi ikikata mara mbili tafuta sababu, usipandishe namba.

Lagi zibanwe kwa koleo la haidroli lenye kinywa cha saizi yake. Lagi iliyopondwa kwa nyundo au plaizi huonekana imeshika, lakini ndani kuna mapengo. Ampea 30 zikipita, mapengo hayo hupata joto, joto huleta kutu, kutu huleta joto zaidi. Kulehemu kwa risasi nako si dawa kwenye gari: risasi hupanda ndani ya nyuzi, pale inapoishia waya unakuwa mgumu, na mtikisiko unaukata hapohapo. Baada ya kubana, vuta kwa nguvu zako zote. Ikitoka, ni heri imetoka uani kwako. Kisha funika kwa mpira wa kusinyaa kwa moto.

Kwa njia ya kupita, pitisha kebo ndani ya bomba la plastiki la mikunjo, mbali na ekzosi na tangi la mafuta, ifungwe kila sentimita 30. Kwenye ukuta wa injini tafuta tundu lililopo lenye mpira. Tundu jipya lisilo na mpira ni msumeno unaosubiri. Ukifungua plastiki za milangoni na nguzo za bodi, utaona nyaya zenye plagi za njano. Hizo ni za mifuko ya hewa. Usizipime kwa mita, usizifungue, usipitishe kebo yako juu yake.

Ethi ya Prado inataka uangalifu, kwa sababu bodi imekaa juu ya chesisi kwa mipira. Ukifunga hasi kwenye chesisi, umeme unategemea kamba nyembamba za kiwandani kurudi mbele. Chagua boliti imara ya bodi ndani ya buti, kwangua rangi hadi chuma king'ae, funga lagi kwa washa yenye meno, kisha paka grisi au rangi juu. Injini na chaja zikifanya kazi, pima kati ya boliti hiyo na nguzo ya hasi ya betri ya mbele: ikizidi volti 0.1, vuta kebo ya hasi ya 16 hadi mbele na uyamalize. Magari mapya yenye kihisi kwenye kibano cha hasi yana kanuni yao: funga ethi kwenye bodi, usifunge kwenye nguzo ya betri, la sivyo kompyuta ya gari inahesabu vibaya.

Waya mwembamba wa chaja unaosikiliza swichi uunge kwenye fyuzi inayowaka ufunguo ukiwa ON tu. Ukiunga kwenye umeme wa kudumu, chaja itaendelea kuhamisha umeme wa mbele kwenda nyuma usiku, na tumerudi Mikumi. Kutoka betri ya nyuma, weka kisanduku cha fyuzi chenye njia sita. Friji ipate njia yake peke yake: waya wa 6, fyuzi ya 15, na badala ya soketi ya sigara weka plagi ya Anderson ya ampea 50, inayojibana yenyewe. Betri ifungwe kwa mkanda wa chuma. Kilo 12 kwenye buti gari likipinduka ni tofali linaloruka. Usiweke betri ya maji ndani ya chumba cha abiria, inatoa hidrojeni na asidi. Na lithiamu isikae chini ya boneti, joto la pale litaimaliza.

Sasa birika la shemeji. Cha kushangaza, nishati si tatizo: kuchemsha lita moja na nusu kunakula kama ampea-saa 12, jambo ambalo betri yako inalimudu. Tatizo ni kasi. Birika la wati 1500 kupitia inveta huvuta karibu ampea 130 upande wa volti 12. Betri nyingi za 100 zina BMS ya ampea 100. Itakata, na itakata kila kitu, friji ikiwemo. Ili kulitendea haki unahitaji kebo ya milimita 50, fyuzi ya ampea 175 na betri kubwa zaidi, yote hayo kwa ajili ya chai. Mtungi mdogo wa gesi na chupa ya chai vinashinda. Kwa laptopu na chaja za kamera nunua inveta ya wati 300 yenye wimbi safi, ikae karibu na betri, kebo ya 10, fyuzi ya 40. Na usiendeshe friji kupitia inveta hata kama friji ina plagi ya ukutani. Unageuza umeme mara mbili na kupoteza sehemu yake kila mara.

Sola ya wati 160 juu ya keria, kwa jua letu ambalo saa sita liko karibu utosini, hulala bapa bila hasara kubwa. Siku nzuri itakupa ampea-saa 40 hadi 45. Matumizi yako ni 60, kwa hiyo betri inashuka 15 au 20 tu kwa siku, na siku moja na nusu zinageuka kuwa nne au zaidi. Masika usitegemee hivyo. Shida ya paneli ya kudumu ni mwembe: kivuli kinachokupoza wewe kinaiua, na hata tawi moja likifunika seli chache, uzalishaji huanguka sana. Anayekaa kambi moja siku tatu namshauri paneli ya kukunjwa na waya wa mita 8, aiweke juani mwenyewe. Kwenye ununuzi, angalia volti za paneli ikiwa haina mzigo. Baadhi ya chaja za DC-DC zenye mlango wa sola hazipokei zaidi ya volti 25 hivi. Paneli ya seli 36 hutoa karibu 22, sawa. Lakini paneli kubwa za nyumba zinazojaa madukani hutoa 40 na kuendelea, na zinaweza kuunguza chaja ya aina hiyo siku ya kwanza. Ukitumia kidhibiti cha sola cha peke yake, chagua cha aina ya MPPT (kinachokamua umeme mwingi zaidi kutoka kwenye paneli) cha ampea 15, ukiweke kwenye chaguo la LiFePO4, na uunge betri kwanza ndipo paneli.

Taa ya LED nimeiacha nyuma kwa makusudi, maana ndani ya hifadhi za taifa huendeshi usiku, na barabarani unampofusha dereva wa basi anayekuja. Ukiitaka bado: ya wati 120 ni ampea 10, waya wa 2.5, fyuzi ya 15, na rilei yenye miguu minne, mguu wa 30 upate umeme wa betri na wa 87 uende kwenye taa. Hapa wengi hukwama. Toyota nyingi za aina yako huwasha taa za mbele kwa kukata na kuunga upande wa hasi, wakati michoro ya mtandaoni hudhani ni chanya. Kwa hiyo unafunga mguu wa 86 kwenye waya wa fulu na wa 85 kwenye bodi, na taa inafanya vituko. Suluhisho: chukua miguu yote miwili, 85 na 86, uiunge kwenye terminali mbili zinazolisha fulu ya balbu. Balbu ikiwaka fulu, rilei inavuta, haijalishi swichi iko upande gani.

Ukimaliza, jaribio lifanyike nyumbani. Ijaze betri, zima gari, washa friji yenye soda za moto ndani, na uache saa 24. Gusa kila lagi na kila fyuzi kwa mgongo wa kidole kila baada ya saa moja mwanzoni: vuguvugu sawa, kinachokufanya uondoe kidole si sawa. Asubuhi pima betri ya mbele. Inapaswa kuwa 12.6 au karibu. Ikiwa imeshuka hadi 12.3 kuna kitu bado kinaunyonya upande wa mbele. Safari ya kwanza nenda Bagamoyo au Saadani, Ruaha itasubiri. Friji irudishe H ukingali kwenye betri ya mbele. BMS na chaja zikishaanza kazi unaweza kuipeleka M, kiwango cha kati.

Kuna mahali pa kuweka spana chini na kumwita mtu. Alternata ikisoma chini ya 13.5 au juu ya 15 injini ikizunguka. Taa ya mfuko wa hewa ikiwaka kwenye dashibodi baada ya kazi yako. Betri ya lithiamu ikivimba au kunuka. Hiyo itoe nje ya gari kwanza. Na ukitaka soketi za volti 230 za kudumu ndani ya gari, hapo umeingia kwenye umeme unaoua, panahitajika kikata-umeme kinachozima umeme ukivuja na mtu aliyesomea. Ukifika gereji, Gerezani au popote, usimuulize fundi amefanya kazi miaka mingapi. Mwambie akuonyeshe koleo lake la lagi, na umuulize fyuzi ya betri ya nyuma ataiweka wapi.